Gita imesetiwa Nakuru, ikifika Kisumu inagonga freti (vile vyuma vya shingoni). Ni unyevu, ni joto au ni kitu kingine?

#1 Nyuzi_Sita (Nakuru)

Wadau, salamu. Gita ni ya umbo la Strat: shingo ya mepo, ubao wa vidole wa rozwudi, skeli (urefu wa uzi unaotetemeka) milimita 648, nyuzi seti ya 10 hadi 46 (unene kwa elfu za inchi), tremolo inayoelea, yaani briji inayoshikiliwa na springi. Ilitoka Nakuru ikiwa sawa kabisa. Mpindo wa shingo (nafasi kati ya uzi na freti) ulikuwa 0.20 mm kwenye freti ya 7. Kimo cha nyuzi kwenye freti ya 12 kilikuwa 1.6 mm kwa uzi wa kwanza na 2.0 mm kwa uzi wa sita. Sasa iko Kisumu, imekaa ndani ya nyumba siku kadhaa, na uzi wa tano na wa sita zinagonga kuanzia freti ya 1 hadi ya 5. Kuanzia freti ya 9 kwenda juu hakuna tatizo. Skrubu hazijaguswa.

Dai langu ni kwamba hewa ya ziwa imeingia kwenye mbao. Anayepinga alete sababu.

#2 Fundi_Kibuye (Kisumu)

Hakuna cha kupinga hapo. Angalia jinsi shingo ilivyojengwa: mgongo wake umepakwa vanishi, ubao wa vidole wa rozwudi uko mtupu. Unyevu unaingia upande mmoja tu, wa mbele. Ubao wa mbele ukivimba unarefuka kidogo kuliko mgongo, shingo inarudi nyuma, mpindo unakwisha. Mpindo ukikwisha, mkwaruzo unaanzia freti za chini, pale pale alipotaja #1.

Mbao hufuata hewa. Hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 50, mbao hutulia kwenye maji ya karibu asilimia 9. Hewa ikifika 75, mbao hutafuta karibu 14. Tofauti hiyo si ndogo kwa kijiti chembamba kama shingo.

Dawa: legeza trasi (fimbo ya chuma ndani ya shingo) robo mzunguko, acha ilale, pima tena kesho.

#3 Mhandisi_Lanet

Fundi, nusu ya maelezo yako ni sahihi, nusu imegeuzwa. Mbao ikinywa maji inavimba kwa upana, si kwa urefu. Kwa urefu inasogea kidogo mno. Halafu katika mbao hizi mbili, mepo ndiyo inayosogea zaidi. Rozwudi ni tulivu. Mepo ya mgongoni ikirefuka kuliko rozwudi ya mbele, shingo inapinda kuja mbele. Yaani unyevu unaongeza mpindo na nyuzi zinapanda. #1 analalamikia kinyume chake. Kama ni unyevu, basi kilichotokea ni kukauka, si kulowa.

#4 Fundi_Kibuye

Mhandisi, wewe mvua ikinyesha utauliza ina kibali cha nani. Mepo imefungwa na vanishi! Mti usiopata maji utarefuka vipi?

#5 Mhandisi_Lanet

Vanishi inachelewesha maji, haiyazuii. Na hiyo shingo ina matundu ya vigingi sita, tundu la trasi na kisigino ambacho mara nyingi hakikupakwa sawasawa. Maji yanaingia, ila polepole.

#6 Omera_Solo (Kondele)

Mnahangaika na unyevu na jibu ni jua. Kisumu kuna joto. Chuma kikipata joto kinarefuka, nyuzi zinalegea, shingo haivutwi tena, inanyooka. Nyuzi zikilegea na shingo ikinyooka lazima zigonge freti za chini. Imekwisha.

#7 Aleni_4mm

@Omera_Solo, hiyo inafanya kazi mpaka pale mpigaji anapotuni. Sauti ya uzi inategemea mambo matatu: urefu, uzito wa kila sentimita na mvuto. Urefu haujabadilika, uzito haujabadilika. Ukirudisha sauti ileile, umerudisha mvuto uleule, iwe Kisumu au Kericho. Kwa hiyo joto la nyuzi linaeleza kwa nini gita imeshuka sauti ulipoifungua begi. Halielezi mkwaruzo baada ya kutuni.

Kuna kingine. Trasi yenyewe ni chuma, na chuma hurefuka kwa joto kuliko mbao. Trasi ya mtindo wa zamani, ile ya fimbo moja, ikirefuka inalegea kidogo, na ikilegea shingo inakuja mbele. Joto lingeongeza mpindo. Trasi za fimbo mbili zinaathirika kidogo zaidi ya sifuri, kwa sababu fimbo zote mbili zinarefuka pamoja.

#8 Omera_Solo

Sawa kwa nyuzi. Lakini usisahau kwamba nyuzi hazishuki sawa. Uzi mwembamba wa kwanza umevutwa sana kulingana na unene wake, kwa hiyo joto linaupunguzia asilimia ndogo. Uzi wa sita una kiini cha chuma kisichovutwa sana, unashuka zaidi. Ndiyo sababu gita ikitoka kwenye baridi ya Nakuru nyuzi nene zinalegea kuliko nyembamba. Na #1 anasema tatizo liko kwenye nyuzi nene.

#9 Nyalenda_Dada

Salamu wote. Kabla hamjagawana ukweli, #1 jibu swali moja: huko Kisumu gita inapigwa kwenye tuni gani? Bendi nyingi hushusha nusu toni ili mwimbaji asipasuke koo. Kama imeshushwa, mnatafuta ugonjwa kwa mgonjwa mwingine.

#10 Nyuzi_Sita

Ndiyo, bendi inashusha nusu toni. Lakini nikiirudisha kwenye tuni ya kawaida bado inagonga, ila kwa uchache.

#11 Aleni_4mm

Hapo dada amegusa kitu kikubwa. Sauti ikishuka nusu toni, mvuto unapungua karibu asilimia 11. Seti ya 10 hadi 46 kwenye skeli ya 648 inavuta takriban kilo 46 kwa jumla. Ukishusha nusu toni unabaki na kama 41. Kilo tano zimeondoka shingoni, trasi iko palepale, shingo inanyooka. Zaidi ya hapo, uzi uliolegea unachezea nafasi pana zaidi, kwa hiyo unahitaji mpindo mkubwa, wewe umeupa mdogo.

Na tremolo yake inaelea! Nyuzi zikipunguza mvuto, springi za nyuma zinashinda, bamba la briji linalala kuelekea kwenye mwili, sadoli (vipande vinavyobeba nyuzi) zinashuka. Kimo cha 2.0 mm si 2.0 tena. Pima nafasi kati ya mwisho wa bamba na mwili wa gita. Kwa tremolo ya aina hiyo Fender hupendekeza karibu 3.2 mm.

Jaribio la kutenganisha: fungua kifuniko cha nyuma, tia kabari mbili za mbao kwenye lile tundu la springi, moja upande wa shingo na moja upande wa mkia, zibane jiwe la tremolo lisisogee. Tuni kawaida, sikiliza. Kisha shusha nusu toni, sikiliza tena. Kama mkwaruzo unabaki na briji imefungwa, ni shingo. Ukipotea, ni briji.

#12 Mulembe_Besi (Kakamega)

Mulembe. Mnabishana juu ya 0.20 ambayo hatujui ilipimwaje. Watu watatu wakipima shingo moja wanaleta namba tatu. Njia ni hii:

Tuni kwanza, kwenye tuni utakayopigia. Gita ishikwe kama inavyopigwa, isilazwe mezani, kwa sababu ikilala uzito wa kichwa unabadilisha shingo. Tia kapo (kibanio cha nyuzi) freti ya 1. Kwa mkono wa kulia bonyeza uzi wa sita pale shingo inapokutana na mwili, freti ya 17 hivi. Uzi sasa ni rula yako. Kati ya tumbo la uzi na kichwa cha freti ya 7 au 8 pitisha fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi).

Fila geji zinauzwa kwa maduka ya spea za magari, ni zile za kusetia valvu. Seti ya kawaida inaanza 0.05 mm. Bamba linapaswa kupita likigusa uzi bila kuusukuma. Ukiona uzi umeinuka hata kidogo, bamba ni nene mno. Ukitumia jicho peke yake utasema 0.20 wakati ni 0.35.

0.20 hadi 0.30 mm ni sawa kwa nyuzi 10. Anayepiga kwa nguvu aende 0.30.

#13 Bondeni_Ridhimu (Nakuru)

Mimi hutazama tu kwa kadi ya benki. Nikiipitisha chini ya uzi freti ya 7 bila kukwama, poa.

#14 Mulembe_Besi

Ndugu yangu, kadi ya benki ina unene wa 0.76 mm. Ikipita bila kukwama, shingo yako imekuwa upinde. Na usiitumie kutafuta freti iliyoinuka pia, inapinda. Kwa hiyo kazi tumia ukingo wa rula fupi ya chuma: isimamishe juu ya freti tatu zinazofuatana. Ikitikisika tiki-tiki, freti ya katikati iko juu. Jaribu kila freti, na kila freti chini ya nyuzi zote sita, maana freti inaweza kuinuka upande mmoja tu.

#15 Tele_Milimani

Naongezea kwa #14, kwa sababu wengi hukimbilia trasi kabla ya kusoma mkwaruzo unatokea wapi. Uzi ukigonga ukiwa wazi tu, na ukibonyeza freti yoyote unanyamaza, angalia ule mfupa wa kichwani ambao nyuzi zinapita. Mfereji wake umechimbika. Jaribio: bonyeza uzi freti ya 3, utazame nafasi juu ya freti ya 1. Lazima kuwe na mwanga mwembamba. Ukikosa mwanga, mfereji umekwenda chini.

Ukigonga freti ya 1 hadi 5, mpindo ni mdogo. Ukigonga katikati na juu, kimo ni kifupi au mpindo umezidi. Ukigonga freti moja tu, freti inayofuata iko juu. Kuanzia 14 kwenda mwisho, ubao umeinuka pale unapokutana na mwili, na trasi haifiki huko. Hapo ni kazi ya jiwe la kusawazisha freti, usiitese trasi.

#16 Nyuzi_Sita

Shukrani. Nimepima kwa njia ya #12, tuni ya kawaida. Bamba la 0.05 linapita, la 0.10 linasukuma uzi. Rula haitikisiki popote. Nafasi nyuma ya briji ni 2.5 mm.

#17 Fundi_Kibuye

Shingo imenyooka. Nilisema tangu #2. Sasa sikiliza, na mwingine yeyote anayesoma asikilize, kwa sababu trasi zilizokatika zote zimekatwa na haraka.

Tafuta ufunguo unaoingia bila kuchezacheza. Gita nyingi za Asia zinatumia aleni ya 4 mm au 5 mm. Fender nyingi za Marekani ni inchi 1/8. Gibson ni soketi ya inchi 5/16. Ufunguo wa 3 mm ndani ya tundu la inchi 1/8 utaonekana unaingia, lakini unakula kona za nati, na nati ikiviringika ndani ya shingo hiyo ni kazi ya kuchimba.

Itazame nati ikikukabili. Kulia ni kukaza, shingo inanyooka. Kushoto ni kulegeza, mpindo unaongezeka. Kwa #1 ni kushoto. Anza na moja ya nane ya mzunguko, tuni, pima. Usizidi robo kwa siku moja. Kama nati ni ngumu kwenda kushoto, acha, legeza nyuzi kwanza, usilazimishe. Kama umelegeza mpaka nati inazunguka bure na mpindo haujaongezeka, trasi ya fimbo moja imefika mwisho wake na shingo yenyewe imerudi nyuma. Hapo kuna njia ya nyuzi nzito zaidi, 11 hadi 49, zivute shingo mbele.

#18 Mhandisi_Lanet

Hatua ni nzuri, sina neno. Lakini kwamba shingo imenyooka si ushahidi kwamba unyevu ndio ulioinyoosha. Hakuna hata mmoja hapa aliyepima hewa. "Kisumu ina unyevu" ni maneno. Kisumu si Mombasa. Mchana wa Kisumu kwenye jua kali, chini ya bati, hewa ndani inaweza kuwa kavu kuliko chumba cha Nakuru saa kumi na moja alfajiri, maana hewa ile ile ikipoa unyevu wake kwa asilimia unapanda.

Nunua kipimo cha unyevu. Wanaouza mashine za kutotolea vifaranga wanavyo, vya dijitali, vidogo. Kabla ya kukiamini kipime: chumvi ya jikoni kwenye kifuniko cha chupa, matone machache ya maji iwe kama uji mzito, si maji maji. Tia chumvi na kipimo ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, acha usiku kucha. Lazima kisome 75. Kikisoma 70, jua kila namba yake ongeza 5. Gita inapenda 45 hadi 55.

#19 Bondeni_Ridhimu

Na mwinuko je? Nakuru iko karibu mita 1,850, Kisumu kama 1,130. Mgandamizo wa hewa unaongezeka ukishuka. Hiyo haiwezi kusukuma shingo?

#20 Aleni_4mm

Haiwezi. Hewa inasukuma shingo mbele, nyuma na pembeni kwa nguvu moja. Mwinuko unaleta tofauti ya joto na unyevu tu, ambavyo tayari vinajadiliwa. Lakini swali lako limenikumbusha kuuliza: gita ilisafirije? Karibu kilomita 180 kupitia Mau Summit na Kericho, ndani ya buti ya matatu?

#21 Nyalenda_Dada

Naam, hilo la safari lichunguzwe. Shingo za aina hii zimefungwa kwa skrubu nne. Begi laini likilazwa chini ya magunia, kichwa kinasukumwa, shingo inasogea mfukoni mwake hata nusu milimita. Dalili: nyuzi ya kwanza au ya sita imekaribia ukingo wa ubao kuliko mwenzake. Legeza nyuzi, legeza skrubu nne nusu mzunguko, sukuma shingo mpaka nyuzi zikae katikati, kaza kwa kupishana kona kwa kona. Na ukikuta kipande cha kadi ndani ya mfuko wa shingo, usikitupe, kiliwekwa kurekebisha pembe.

Gari likiegeshwa juani madirisha yamefungwa ni hatari nyingine. Gundi nyeupe ya seremala hulegea kwa joto kali, na freti zinaanza kuinuka.

#22 Mhandisi_Lanet

Pembe ya shingo ikibadilika, kimo kinabadilika kote, zaidi freti za juu. #1 anasema kuanzia 9 iko sawa. Sioni skrubu hapo.

#23 Nyalenda_Dada

Mkuu, 0.7 mm imeondoka nyuma ya briji kwa mujibu wa #16 na 3.2 ya #11, na bado freti za juu hazigongi. Labda pembe imesogea upande mmoja na briji upande mwingine, zikafichana. Pima kimo tena freti ya 12 na 17. Usikisie.

#24 Tele_Milimani

Mkizungumzia ukavu, Nakuru nako kuna hili. Kuanzia Januari mpaka Machi ubao wa vidole unasinyaa kwa upana, freti ni chuma hazisinyai, ncha zake zinatokeza pembeni na kukwaruza mkono. Msizikate mara moja. Subirini mvua, zikiwa bado zimetoka ndipo mpige faili bapa sambamba na shingo, na karatasi ya kubandika ikilinda vanishi, kisha mlainishe kona kwa msasa wa 400 na 600.

Ubao mtupu wa rozwudi upakwe mafuta mara mbili kwa mwaka. Mafuta ya madini, yale ya mtoto, yanafaa: matone machache kwenye kitambaa, subiri dakika kumi, futa yote. Mafuta ya kupikia yanaoza na kuganda. Ubao wa mepo wenye vanishi usipakwe chochote.

#25 Kijana_wa_Ampu

Samahani kuingilia. Yangu haigongi, inavuma. Pikapu (vinasa sauti vya nyuzi) tatu za koili moja, nyumba ya kupanga Nakuru, umeme wa kawaida.

#26 Aleni_4mm

Shika nyuzi. Kelele ikipungua, waya ziko sawa, gita inakosa ngao. Kelele ikiongezeka, waya mbili za jeki zimegeuzwa. Ukishika nyuzi hakuna kinachobadilika lakini ukigusa chuma cha jeki inanyamaza, waya wa briji umekatika. Tumia mita, kati ya briji na chuma cha jeki usome chini ya omu moja.

Ngao: foili ya jikoni inafanya kazi lakini haikubali lehemu, kwa hiyo waya wake ufungwe kwa skrubu na pete. Utepe wa shaba unakubali lehemu, ndio bora. Kila kipande kiguse kingine, na hakikisha kiini cha jeki hakigusi ngao, la sivyo gita itakuwa bubu. Na usikate pini ya tatu ya plagi ya ampu kwa sababu ekstensheni ina matundu mawili. Ile pini ndiyo inayokulinda na volti 240 zisipite kwenye nyuzi.

#27 Bondeni_Ridhimu

Tukiwa kwenye koili: kuna mtu anauza Gibson mtumba, kifuniko cha trasi kina skrubu tatu. Nimesikia tatu ni feki siku zote.

#28 Tele_Milimani

Si siku zote. Kwa Gibson kawaida ni mbili, kwa hiyo jina Gibson na skrubu tatu ni sababu ya kuondoka. Kwa Epiphone tatu ni kawaida. Mkusanyaji hafungi hesabu kwa kifuniko: fungua uone poti (vile vifaa vilivyo chini ya vifundo vya sauti). Poti za Marekani zina namba mgongoni. 1376633 maana yake 137 ni kampuni ya CTS, 66 ni mwaka 1966, 33 ni wiki. 304 ni kampuni ya Stackpole. Gita haiwezi kuwa ya zamani kuliko poti zake, kama lehemu haijaguswa. Inaweza kuwa ya baadaye, poti hukaa stoo. Na gita za Kijapani za miaka ya 1960, Teisco na wenzake, zisidharauliwe. Pikapu zake zina sauti ya benga, na shingo nyingi hazina trasi ya kurekebisha, basi zipime kabla ya kulipa. Kawai waliinunua Teisco 1967.

#29 Omera_Solo

Benga haswa! Zile solo za juu zinafuata nyatiti, nyuzi zake sita ndizo zimepelekwa kwenye gita.

#30 Mulembe_Besi

Nyatiti ina nyuzi nane, omera. Nne na nne.

#31 Fundi_Kibuye

Kwa wanaotaka ubao wa vidole usiosumbuliwa na hewa: mpingo. Ni mzito hadi unazama majini, haunywi unyevu haraka. Lakini una mafuta: futa kwa asetoni dakika chache kabla ya gundi, la sivyo gundi haishiki. Unamaliza meno ya msumeno, na vumbi lake linawasha, vaa barakoa. Mifereji ya freti iwe karibu 0.6 mm. Mvule kwa mwili ni mzuri, ila wakati mwingine una mawe meupe ndani yanayong'oa meno ya mashine. Mgrevilea ni mwepesi, skrubu za briji zinachimbika mapema. Na mbao ya seremala ikiwa na maji ya 12 au zaidi haiko tayari. Kwa gita iwe 6 hadi 8.

#32 Nyuzi_Sita

Nimerudi na namba. Kipimo kimepita jaribio la chumvi. Trasi sijaigusa. Briji imefungwa kwa kabari mbili. Kila mara nimetuni upya kabla ya kupima.

Saa moja asubuhi, unyevu ndani 68: bamba la 0.10 linapita, la 0.15 linasukuma. Saa tisa alasiri, unyevu 49: 0.05 linapita, 0.10 linasukuma. Mkwaruzo kwenye tuni ya kawaida umepungua lakini upo alasiri. Nusu toni chini, upo kutwa. Kimo freti ya 12 ni kile kile cha Nakuru, uzi wa kwanza na wa sita.

#33 Mhandisi_Lanet

Umeona? Unyevu ukipanda mpindo unaongezeka. Ukikauka inanyooka. Ni kama nilivyosema #3.

#34 Fundi_Kibuye

Hapana. Wewe mwenyewe kwenye #5 ulisema maji yanaingia polepole. Basi saa nane haziwezi kuingiza maji kwenye mepo na kuyatoa. Kilichobadilika kati ya asubuhi na alasiri ni joto. Unyevu ni wa wiki, na wiki zimeinyoosha.

#35 Aleni_4mm

Na kwa joto peke yake trasi ingerefuka na mpindo ungeongezeka alasiri, si kupungua. Labda ni ya fimbo mbili. #1, tazama tundu: ukiona nati ya aleni iliyounganishwa na fimbo ya pili juu yake, ni mbili.

#36 Mulembe_Besi

Tofauti mnayogombania ni bamba moja la fila geji. Mkono ukibonyeza freti ya 17 kwa nguvu tofauti, inatosha kuleta hiyo. Tumia kapo mbili, moja freti ya 1 na nyingine ya 17, mkono usihusike. Pima alfajiri na alasiri kwa wiki nzima, tuni moja, kabari zikiwa ndani. Kisha rudi na gita Nakuru, upime hivyohivyo.

Kwa sasa, kama bendi inabaki nusu toni chini, seti kwa nusu toni chini: legeza trasi mpaka 0.25 alasiri, wakati shingo imenyooka zaidi. Asubuhi itakuwa 0.30 na bado inapigika. Toa kabari, kaza au legeza skrubu mbili za springi mpaka nafasi ya nyuma ya briji irudi 3.2, ndipo uguse sadoli. Intonesheni (usahihi wa sauti kwenye freti) iwe ya mwisho: sauti ya freti ya 12 ikiwa juu kuliko hamoniki yake (sauti ya uzi ukiguswa tu bila kubonyezwa), rudisha sadoli nyuma, ikiwa chini, ilete mbele.

#37 Nyuzi_Sita

Kapo ya pili nimeazima. @Aleni_4mm, nimetazama kwa tochi: naona nati moja ya aleni, na juu yake kuna chuma bapa kinachoingia ndani. Hiyo ni fimbo mbili au ni kitu kingine?

#38 Aleni_4mm

Weka picha. Kuna trasi ya fimbo moja iliyopita ndani ya mfereji wa alumini, na kwa tochi zinafanana.